Krenki Ikirudi Kutoka kwa Mchongaji, Ipime Kabla ya Kuifunga

Mdogo wangu unayeanza kufunga injini, ipo siku utapigiwa simu uambiwe ile injini uliyoifunga wiki iliyopita imenoki, yaani beringi zimekufa na inagonga. Mwenye gari atakulaumu wewe, wewe utamlaumu mchongaji aliyesaga krenki (ile shafti inayozungushwa na pistoni), naye atasema umefunga vibaya. Kama hukupima chochote kabla ya kufunga, hakuna hata mmoja wenu mwenye ushahidi, na hasara itakuangukia wewe kwa sababu ndiye uliyeshika spana mwisho.

Simsemi mchongaji vibaya. Wengi ni mafundi hodari, na bila wao injini nyingi zingeshaishia kwenye vyuma chakavu. Lakini jukumu lake linaishia kwenye mashine yake. Injini nzima ni jukumu lako. Mwamini, kisha upime.

Chukua Toyota 3L, ile ya Hiace nyingi za abiria. Silinda yake ikiwa standadi ni milimita 96. Ukipeleka bloku (mwili wa injini wenye silinda) ikachongwe saizi 0.50, yaani nusu milimita zaidi ya standadi, peleka na pistoni mpya zenyewe. Usikubali ichongwe kwa kufuata namba iliyoandikwa kwenye boksi, maana pistoni za watengenezaji mbalimbali hazilingani sawasawa. Krenki nayo iende na beringi zake na konrodi (mikono inayoiunganisha na pistoni), na uandike vipimo vyako kabla haijatoka gereji.

Ikirudi, shika maikromita, kile kifaa cha kupimia unene mdogo sana. Kila shingo ya krenki, yaani sehemu inayozunguka ndani ya beringi, ipime mwanzo na mwisho wake, halafu izungushe robo upime tena. Hapo utajua kama imekuwa yai au imechongoka upande mmoja. Nafasi ya oili kati ya shingo na beringi kwenye injini ndogo kama hizi huwa sehemu chache tu za mia za milimita, chini ya unene wa unywele, kwa hiyo jicho na kidole havitakusaidia. Fuata kipimo cha kitabu cha injini hiyo.

Kisha angalia kona, pale shingo inapokutana na ukuta wa krenki. Pana mviringo mdogo pale, na lazima ubaki. Ukisagwa ukawa pembe kali, krenki itakuja kukatika hapo hapo. Ukiachwa mnene kupita kiasi, beringi inaukalia. Kuna Hiace iliyoletwa ikigonga, mwenyewe akiapa kwamba aliuziwa oili feki. Tulipofungua, beringi za konrodi zilikuwa zimelika ukingoni hadi shaba ikaonekana, na katikati zilikuwa nzima kabisa. Oili mbaya haichagui ukingo. Tuliposhika krenki, ile kona ilikuwa imeachwa nene.

Jifunze kusoma beringi namna hiyo, na usiitupe iliyokufa hata mwenye gari akiwa na haraka. Mikwaruzo inayozunguka na chembe zilizojichomeka kwenye uso wake zinasema uchafu. Ikiwa imeungua na kuyeyuka uso mzima, tafuta oili ilikokwama: pampu, chujio, au tundu lililozibwa. Ikilika upande mmoja tu, rudi kwenye maikromita, na konrodi nayo uiangalie kama haijapinda.

Uchafu ndio unaoua injini nyingi mpya. Chenga za kusagia hujificha ndani ya matundu ya oili ya krenki, kwa hiyo pitisha brashi nyembamba kila tundu, kisha upepo. Silinda zioshe kwa maji ya moto na sabuni. Petroli huondoa mafuta tu, vumbi la mawe ya kusagia linabaki kwenye mikwaruzo. Chukua kitambaa cheupe chenye oili safi upanguse ukuta wa silinda. Kikitoka na kijivu, osha tena. Ukimaliza, kausha na upake oili papo hapo, kutu haichelewi.

Kama injini iliwahi kunoki, kula ya oili (kipozaji cha oili) ya zamani usiirudishe. Chembe za beringi iliyokufa zimo humo, na kuziosha zote ni vigumu mno. Wenye magari hubishana sana juu ya gharama hii. Waeleze kwa upole, lakini usilegeze.

Wakati wa kufunga, paka oili kwenye kila beringi. Siku ya kuwasha, jaza chujio oili, kisha chomoa waya wa solenoidi ya pampu ya dizeli (swichi ya umeme inayofungulia dizeli) ili injini isiwake kwanza. Piga stata kwa vipindi vifupi mpaka taa ya oili izime, ndipo urudishe waya na kuwasha.