Spea Iliyochakaa Haisemi Ukweli Wote

Bushi (bomba fupi ambalo shafti huzungukia ndani yake) ya kwanza niliyoikereza kwa ajili ya gari langu la zamani ilifanana kabisa na ile niliyoing'oa, na hapo ndipo nilipokosea. Ilikuwa ya mkono wa waipa. Nilipima tundu lake mara tatu kwa kalipa, kifaa cha kupimia vipenyo, nikakesha kwenye mashine ya kukereza, lakini nilipoifunga, mkono uliendelea kucheza vilevile, kwa kuwa nilikuwa nimenakili pia uchakavu wa miaka mingi.

Siku hizi, kabla ya kuamini kipimo chochote, hutafuta mahali ambapo msuguano haukufika. Shafti hulika pale inapozungukia, ilhali ncha yake huweza kubaki na kipenyo cha kiwandani. Umri na asili ya gari navyo husaidia: kalipa ikionyesha milimita 12.66 kwenye gari la Uingereza lililotengenezwa enzi za inchi, yaelekea mchoraji alikusudia nusu inchi, yaani milimita 12.7. Usikimbilie kuifanya 12.5 wala 13. Bolti za magari hayo nazo zina mtego wake, kwa sababu hesi (meno ya bolti) za Whitworth, mfumo wa zamani wa Uingereza, zina pembe ya digrii 55 na za kimetriki digrii 60. Bolti isiyo yake huweza kuingia mizunguko miwili ya mwanzo kwa upole kabla ya kuharibu tundu lote.

Ukitaka kusubu kifuniko cha aluminiamu, yaani kumimina chuma kilichoyeyuka ndani ya kalibu, usitumie kile cha zamani moja kwa moja kutengenezea kalibu hiyo. Aluminiamu husinyaa kwa takriban asilimia 1.3 inapopoa, hivyo kielelezo cha kutengenezea kalibu ya kitu chenye urefu wa milimita 200 hakina budi kuzidi kwa milimita 2.6 hivi, mbali na nyama ya ziada itakayokerezwa baadaye. Kwa mipira ya kuzuia mafuta, mimi hupima mfereji unamokaa, kwani mpira mkuukuu huwa umevimba au umekakamaa.

Nakala ya plastiki iliyochapwa kwa printa ya 3D inafaa sana kujaribia, ingawa ile ya PLA, aina ya plastiki ya printa hizo, hulegea kwenye nyuzi joto 60 hivi na haifai kuachwa karibu na injini.

Spea za breki na usukani sizitengenezi kabisa, hata vipimo viwe sahihi namna gani, kwa kuwa kalipa haiwezi kunionyesha ufa ulio ndani ya chuma.