Injini Iwe ya Mwisho: Kwa Anayeanza Kutengeneza Pikipiki Kuukuu na Kushindana Vumbini

Kila mwaka mvua zinapokatika, vijana wawili watatu hufika kwenye kibanda changu hapa Tabora wakisukuma pikipiki kuukuu waliyoinunua mnadani au kuachiwa na mjomba, na baada ya shikamoo swali lao la kwanza huwa lile lile: nifanye nini injini ikimbie zaidi? Nami huwauliza wamekwisha kukata kona ngapi kwenye mchanga. Katika kiwanja cha vumbi chenye umbo la yai, ambacho mzunguko wake ni mita mia mbili na kitu, pikipiki ya cc 125 huwa haijamaliza hata gia ya tatu mstari ulionyooka unapokwisha. Muda hupotea kwenye kona, na kona hazinunuliwi kwa pistoni kubwa. Kwa hiyo fedha kidogo uliyonayo ianzie kwenye tairi, shokapu na mwili wako mwenyewe. Injini iwe ya mwisho.

Tuanze na pikipiki yenyewe. Katika mkoa wetu utakutana na koo mbili. Ya kwanza ni zile za zamani walizotumia mabwana shamba na watu wa misheni, kama Honda XL125, Yamaha DT125 na Suzuki TF125, ambazo fremu zake ni imara na shokapu zake ndefu, lakini vipuri vyake vya kweli utavitafuta mpaka uchoke. Ya pili ni pikipiki za Kichina zilizomaliza umri wake kwenye bodaboda, ambazo nyingi injini yake imeigwa kutoka Honda CG125, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1976. Injini hiyo husukuma valvu kwa fito badala ya cheni ya juu, haina mambo mengi, na pete zake, gasketi zake na klachi yake utavipata katika duka la vipuri Nzega au Kaliua bila kuagiza Dar es Salaam. Anayeanza namshauri achukue hiyo ya pili, ingawa moyo wangu uko kwenye XL.

Kabla hujatoa fedha, linganisha namba ya fremu na ya injini na zile zilizoandikwa kwenye kadi. Zisipolingana, ondoka hata kama bei ni ya kutupa. Kisha omba injini iwashwe ikiwa ya baridi. Mzee aliyenifundisha kazi alikuwa akiweka ncha ya bisibisi ndefu juu ya kifuniko cha injini na mpini sikioni, akafumba macho, akasikiliza kama daktari. Sauti ya juu, nyepesi, ya tiki-tiki, ni valvu zinazohitaji kurekebishwa, na hiyo ni kazi ya robo saa. Sauti nzito ya kugonga kutoka chini ni beringi za kombo, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, na hiyo ni bei ya pikipiki nyingine. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Mwisho, futa vumbi kwenye shingo ya fremu, pale usukani unapoingia, utazame kama rangi imepasuka kwa mstari mwembamba kama unywele, kwa maana chuma kinachotaka kukatika huanza kwa kupasua rangi.

Sasa punguza. Pikipiki ya bodaboda hubeba vitu vingi ambavyo uwanjani ni mzigo tu: ngao za mbele, keria, stendi mbili, vioo, taa, indiketa, madigadi ndefu na kifuniko cha cheni. Vile nilivyofungua kwenye pikipiki yangu ya kwanza nilivipeleka kwa jirani mwenye ghala la mpunga tukavipima kwenye mizani yake, vikafika kilo 17, na pikipiki yote nzima inakaribia kilo mia moja tu. Hakuna kifaa cha injini utakachonunua kwa fedha yako ambacho kitakupa faida kama hiyo, na hii umeipata kwa spana namba kumi na namba kumi na mbili.

Usikate kitu kwa pupa. Mkia wa fremu unaweza kufupishwa ili siti ikae vizuri, lakini msumeno usipite mbele ya pale shokapu za nyuma zinaposhikiliwa, kwa sababu hapo ndipo uzito wako wote unapopokelewa. Kabla ya kuchomelea, toa tangi lote ulipeleke mbali, ufungue betri na uchomoe CDI, kile kisanduku kinachoipa plagi umeme wa cheche. Umeme wa mashine ya kuchomelea huua CDI kimyakimya, na utakesha ukitafuta cheche ambayo haipo.

Badala ya vyote ulivyotoa, ongeza kitu kimoja: swichi ya kuzima injini unapoanguka. Naieleza kwa kirefu kwa sababu watu huiona ni mzaha mpaka siku pikipiki inapolala chini huku tairi la nyuma linazunguka karibu na mguu wa mtu. Chukua kibanio cha nguo cha plastiki, utoboe kila mdomo wake na kutia boliti ndogo, ili kibanio kikifunga vichwa vya boliti vigusane. Boliti moja iunge na waya wa kuzimia unaotoka kwenye CDI, nyingine iunge na fremu. Katikati ya midomo ingiza kipande cha plastiki kigumu, hata kadi ya simu iliyokwisha, iliyofungwa kamba yenye urefu wa mkono mmoja hadi kwenye kiwiko chako cha kulia. Ukiruka kwenye siti, kamba inavuta plastiki, boliti zinagusana, injini inakufa. Kifaa hiki hufanya kazi kwenye pikipiki ambazo swichi yake ya kuzima hupeleka waya huo kwenye fremu, kama zilivyo nyingi za ukoo wa CG. Ijaribu ukiwa umesimama, mara kumi, kabla hujaiamini.

Katika mambo ya hewa na mafuta, nilifanya kosa ambalo sitaki ulirudie. Nilimwona mtu ametoa chujio la hewa ili injini ipumue, nami nikaona nimzidi akili kwa kukata sponji la godoro na kulifunga mdomoni mwa kabureta. Petroli inayorudi nyuma ililila lile sponji taratibu, na baada ya wiki tatu likawa unga, unga ukapita kwenye kabureta, vumbi letu likafuata, na silinda ikachubuka mistari inayoshikika kwa ukucha. Vumbi la Tabora wakati wa kiangazi ni msasa. Nunua sponji la kichujio lenyewe, lilowanishe kwa oili, ulikamue, na ulioshe kila baada ya siku ya mashindano.

Kuhusu jeti, yaani kile kitundu cha kabureta kinachopima petroli, kumbuka kwamba mji wetu uko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Hewa hapa ni nyepesi kuliko ya pwani, kwa hiyo kabureta iliyopangwa kwa hewa ya chini hutoa petroli nyingi kupita hewa iliyopo, na utaiona kwa plagi yenye masizi meusi makavu. Shuka jeti kuu kwa namba moja, endesha kwa nguvu, zima injini papo hapo ukiwa umeshika klachi, bila kuiacha iungurume polepole kwanza, kisha fungua plagi uitazame. Rangi ya kahawia kama ya udongo wa chungu ndiyo unayoitafuta. Nyeupe ni hatari, rudi juu. Badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja na ukiandike kwenye daftari. Mtu aliyebadilisha jeti, plagi na bomba la moshi asubuhi moja hawezi kujua ni kipi kilichomsaidia, na jioni atakuwa anabishana na wenzake bure.

Sproketi, yaani gurudumu la meno linaloshika cheni, ni kipuri cha bei ndogo chenye faida kubwa. Ikiwa mbele una meno 15 na nyuma 43, kuweka 14 mbele kunakupa karibu sawa na kuweka 46 nyuma. Yaani jino moja la mbele ni kama meno matatu ya nyuma. Anza na la mbele kwa kuwa ni rahisi, na lengo lako liwe kupata gia moja ambayo utaingia nayo kwenye kona na kutoka nayo bila kugusa kanyagio.

Kwa tairi, walioukuza mchezo huu Marekani hutumia rimu za inchi 19 mbele na nyuma. Huku kwetu rimu za inchi 18 za ukoo wa CG zinatosha kabisa. Lakini ukiwa na XL au DT, ile rimu nyembamba ya inchi 21 ya mbele huchimba mchanga na kukupeleka usikotaka, kwa hiyo ibadilishe mapema. Upepo upunguze kidogo kidogo, huku ukiangalia tyubu isizunguke ndani ya rimu na kukata pua yake.

Sasa mguu. Mbio za yai huzungushwa kinyume cha mshale wa saa, kona zote ni za kushoto, na mguu wa kushoto ndio unaotelezeshwa chini, kwa hiyo unahitaji kiatu cha chuma. Mimi hukata bati la milimita tatu kwa kufuata soli ya buti la mpira, nikalipinda ncha ya mbele kuelekea juu ili isichimbe ardhi, nikasaga kingo zote kwa grainda mpaka zisikate kidole, kisha nikapiga mistari ya kuchomelea chini yake ili ndiyo iliwe kwanza. Hufungwa kwa mipira ya tyubu, miwili juu ya mguu na mmoja nyuma ya kisigino. Bila kiatu hicho soli ya buti hushika ardhi, na goti ndilo linalolipa.

Namna ya kuendesha haisomwi ikaeleweka yote, ila msingi wake ni huu. Kaa mbele, karibu na tangi, na kalio lako liwe upande wa nje wa siti. Kiwiko cha kulia kiinue. Pikipiki ilalie ndani chini yako huku wewe ukibaki wima zaidi, tofauti na wale wa lami wanaoning'inia ndani ya kona. Achia mafuta mwisho wa mstari, gusa breki ya nyuma, ulaze pikipiki, na mkia utaanza kutoka nje. Hapo usukani utajielekeza wenyewe kulia wakati unakwenda kushoto, nawe uuache. Kisha vuta mafuta polepole kama mtu anayemimina asali kwenye chupa. Kosa la kila mgeni ni kuogopa mkia unapotoka na kuachia mafuta ghafla. Tairi la nyuma hushika ardhi mara moja na pikipiki humrusha juu upande wa pili, na kuanguka huko ni kubaya kuliko kuteleza chini.

Kosa langu lilikuwa jingine. Katika msimu wangu wa kwanza nilibana breki ya mbele katikati ya kona, tairi la mbele likakimbia, nami nikaangukia bega na kuvunjika mtulinga. Nilikaa wiki sita nikilishwa na dada yangu aliyekuwa akicheka kila kijiko. Pikipiki za mbio hizi hazitumii breki ya mbele, na zile za spidwei, mchezo ndugu wa huu, za cc 500, hazina breki yoyote, wala si kwa sababu waliozitengeneza walisahau. Kwa hiyo mkono wa breki ya mbele huung'oa kwenye pikipiki ya kila anayeanza kwangu. Na yeyote anayedhani kuteleza vumbini ni uhuni tu, amtazame Kenny Roberts: alikuwa bingwa wa Marekani wa mbio za vumbi mwaka 1973 na 1974, akaenda Ulaya na ujuzi ule ule wa kuongoza pikipiki kwa tairi la nyuma, akawa bingwa wa dunia wa cc 500 kwenye lami mwaka 1978, 1979 na 1980.

Pikipiki isiyo na taa, vioo wala breki ya mbele haina ruhusa ya kuonekana barabarani. Ipakie kwenye guta. Kiwanja kiombe kwa mwenyewe, na serikali ya mtaa ijue siku na saa. Alama za ndani ya kona zipige kwa chokaa. Usitumie matairi yaliyozikwa nusu, maana hunasa mguu. Upande wa nje pasiwe na mti wala jiwe, na watazamaji wasimame upande wa ndani wa mstari ulionyooka au mbali kabisa nyuma ya magunia ya pumba, hata watoto wakilalamika. Mwagia maji asubuhi na kati ya mbio, maana vumbi likipanda wa tatu hamwoni wa pili. Baada ya mizunguko kadhaa utaona utepe mweusi, mgumu, uliosagwa na matairi karibu na ndani, na nje yake mchanga laini uliorundikana. Mgeni ashike utepe huo. Ule mchanga wa nje una kasi yake, lakini humpokea aliyekwisha kuuzoea.

Jioni, kabla hujaiosha pikipiki na kuoga wewe mwenyewe, inua gurudumu moja moja na ulizungushe polepole huku ukigonga kila spoki kwa spana. Iliyokaza hulia, iliyolegea hutoa mlio wa kibati. Ikaze robo mzunguko, uende kwa inayofuata, ukimaliza la mbele uhamie la nyuma.