Maswali ya Wasomaji: Wachezaji Tisa, Kijana wa Kuazima na Mti wa Babu

SWALI: Ndugu Mshauri, mimi ni katibu wa klabu ndogo ya kriketi hapa Usa River, na kila Jumamosi tunacheza mechi ya ova 30 (ova moja ni mipira sita) kwa kila upande katika kiwanja cha shule. Juma lililopita tulipokea wageni kutoka Moshi mjini tukiwa tisa tu, kwa kuwa mwenzetu mmoja alikuwa kwenye kipaimara cha mtoto wa dada yake na mwingine alikwama njiani akisubiri daladala. Nahodha wa wageni alidai kwanza apewe ushindi wa mezani. Alipoona tumekasirika, akatuazima kijana wake wa akiba atusaidie kulinda uwanja, yaani kuufukuza na kuudaka mpira uliopigwa. Kijana huyo, bila kuona haya, akamdaka mpigaji hodari kuliko wote wa timu yake mwenyewe (aliunyaka mpira wake kabla haujagusa ardhi, na mpigaji wa namna hiyo hutoka), na hapo ugomvi ukaanza, maana wageni walisema kudaka huko hakuhesabiki. Mwenzetu wa daladala alifika katika ova ya 12, akataka kuwarushia wapigaji mpira papo hapo. Ilipofika zamu yetu ya kupiga, nahodha wetu naye akataka yule kijana wa kuazimwa ashike gongo kama mchezaji wetu. Ni nani aliyekuwa na haki?
Katibu, Usa River

JIBU: Ndugu Katibu, kwa hesabu yangu wageni walikosea mara mbili na ninyi mara mbili, kwa hiyo hakuna wa kumcheka mwenzake.

Madai ya ushindi wa mezani hayakuwa na msingi. Sheria za kriketi, ambazo hutunzwa na klabu ya MCC (Marylebone Cricket Club) ya London tangu mwaka 1788, husema kwamba timu ni wachezaji 11, lakini huruhusu pande mbili zikubaliane kucheza kwa idadi pungufu au hata zaidi, ilimradi wanaolinda uwanja kwa wakati mmoja wasizidi 11. Mwamuzi huweza kuipa timu ushindi iwapo timu nyingine imekataa kucheza. Ninyi hamkukataa, mlikuwa wachache tu. Isitoshe, nahodha aliyekubali kurusha shilingi na kukuazimeni mtu amekwisha kukubali mechi ichezwe, na hawezi kuyarudia madai yake baada ya mambo kumwendea kombo. Adhabu ya uchache huja yenyewe: wapigaji huingia wawili wawili, kwa hiyo timu yenye watu tisa humaliza zamu yake wiketi ya nane inapoanguka, yaani mpigaji wa nane anapotolewa, kwa kuwa aliyebaki hana mwenzake.

Mpira aliodaka kijana unahesabika kikamilifu. Mchezaji wa akiba aliyeruhusiwa kuingia uwanjani anaweza kudaka, kurusha mpira kwenye vijiti anavyovilinda mpigaji na kuzuia mikimbio (alama za wapigaji) kama mwingine yeyote, na katika daftari la hesabu huandikwa kwamba mpigaji alidakwa na mchezaji wa akiba. Sheria haiulizi alikuja na basi la timu gani. Mimi binafsi ningempongeza kijana huyo mbele ya watu, kwa sababu mechi nyingi za mwisho wa juma huharibiwa na watu wa kuazimwa wanaoacha mpira upite katikati ya miguu kwa kuwahurumia ndugu zao.

Hapo ndipo haki yake inapokoma. Mchezaji wa akiba haruhusiwi kurusha mpira kwa mpigaji wala kuwa nahodha, na hulinda wiketi (husimama nyuma ya vijiti kuudaka mpira) kwa idhini ya waamuzi pekee. Kushika gongo (nasema lile la mti, si lile la chupa) si kazi yake kabisa. Ili kijana huyo apige kwa niaba yenu, ilipasa jina lake liwe katika orodha yenu, na kuliingiza baada ya orodha kukabidhiwa kunahitaji ridhaa ya nahodha wa upande wa pili, ambaye siku hiyo, nadhani, hakuwa katika hali ya kuridhia lolote.

Ningependa uizingatie orodha hiyo kuliko mengine yote, kwa sababu naona klabu nyingi za vijijini huidharau. Kabla ya shilingi kurushwa, kila nahodha hutakiwa kumkabidhi mwamuzi majina ya wachezaji wake kwa maandishi, na hakuna sharti kwamba kila aliyetajwa awe amekwisha kufika. Andikeni basi majina 11, hata la yule aliye bado kituoni na la yule aliye kanisani. Aliyeandikwa akifika saa nane mchana, ataingia bila kumpigia mtu magoti. Asiyeandikwa atabaki chini ya huruma ya wapinzani.

Hata hivyo, kuingia ni jambo moja na kurusha mpira ni jingine. Mwenzenu wa daladala alipaswa kwanza akae uwanjani kwa muda ulio sawa na ule aliokosekana, na kikomo cha kungoja huko ni dakika 90, ili timu isije ikamficha mrushaji wake kivulini na kumtoa akiwa na nguvu mpya wakati wengine wamechoka. Kama alirusha papo hapo, hilo ndilo kosa lenu la pili.

SWALI: Kiwanja chetu cha Kibosho kina mti wa mringaringa ndani ya mpaka. Mpigaji wetu alipiga mpira juu, ukagonga matawi, ukateremka hadi mikononi mwa mpinzani. Tulisema ni mikimbio minne, kana kwamba mpira umefika mpakani, wao wakasema ametoka. Mti wenyewe ni wa babu yake mpigaji.
Msomaji, Kibosho

JIBU: Ametoka. Kizuizi kilichomo ndani ya uwanja hakihesabiwi kuwa mpaka isipokuwa waamuzi wameamua hivyo pamoja na manahodha kabla ya shilingi kurushwa, na mpira uliodakwa baada ya kugusa kizuizi cha namna hiyo, bila kugusa ardhi, umedakwa kihalali. Uwanja wa St Lawrence mjini Canterbury, Uingereza, ulikuwa na mti ndani ya mpaka kwa miaka mingi hadi upepo ulipouangusha Januari 2005, na huko ilikuwa kanuni inayojulikana kwamba mpira ukiugusa mti ni mikimbio minne. Nanyi mnaweza kuweka kanuni kama hiyo Jumamosi ijayo, mradi itamkwe mapema na wageni waisikie. Kuhusu babu, sheria zote 42 hazisemi neno juu ya mwenye mti.