Jibu kwa aliyeuliza kuhusu hoho za kwenye kokopiti zinazogeuka njano

Mkuu, umeeleza kwamba hoho zako za kwenye mifuko ya kokopiti (unga na nyuzi za makumbi ya nazi) huko Iringa zinatoa majani machanga ya njano yenye mishipa ya kijani, umeongeza mbolea hali ikazidi, na maji yanayochuruzika chini ya mfuko yanasoma pH 7.4 (pH ni kipimo cha ukali wa tindikali: namba ikipanda, tindikali imepungua). Kuna waliokushauri uweke majivu au chokaa. Nakuomba sana usiweke. Vyote viwili vinapandisha pH, na yako imeshapanda mno.

Nalima hoho na nyanya kwenye kokopiti hapa Mbeya, ndani ya kitalu nyumba. Dalili unayoieleza ni ya mmea kukosa chuma. Chuma kimo kwenye mbolea yako, ila pH ikipita 6.5 kinaanza kujifunga na mizizi haikipati, ndiyo maana kuongeza mbolea hakukusaidia. Lenga maji ya kumwagilia yawe kati ya 5.8 na 6.2. Kutoka 6 hadi 7 panaonekana padogo, lakini ukali wa tindikali umeshapungua mara kumi.

Kwanza hakikisha kipimo chako kinasema kweli. Tazama kile kichwa cha kioo: kikiwa kimekauka na kina ukoko mweupe, namba zake usiziamini. Kisawazishe kwa maji maalumu ya pH 7 na pH 4, na ukimaliza kukitumia kihifadhi kwenye maji yake ya kuhifadhia, si kwenye maji safi ya kawaida.

Halafu njoo kwenye maji yenyewe, na hapa ndipo wengi tunapopotezwa na namba. Maji mawili yanaweza kusoma 7.5 yote, moja likashuka kwa matone machache ya tindikali, jingine likameza mililita baada ya mililita bila kutikisika. Hilo la pili limebeba bikaboneti nyingi, yaani chumvi inayomeza tindikali. Maji yaliyopita kwenye mawe ya chokaa, kama ya upande wa Songwe kwenye chemchemi za moto, ndiyo tabia yake. Leo unayashusha yanafika 6, lakini usipoyapima kila unapochanganya, kidogo kidogo mfuko unapanda tena. Mvua zetu za Novemba hadi Aprili ni mali: maji ya bati hayana bikaboneti ya maana, ukichanganya na ya kisima unapunguza tindikali utakayohitaji.

Kwenye kuchanganya, mbolea hutangulia, pH hupimwa mwisho, kwa sababu mbolea nayo inaishusha. Tumia tindikali ya fosforiki au ya naitriki. Vaa glavu na miwani, na siku zote mimina tindikali kwenye maji, kamwe usimimine maji kwenye tindikali. Siki na ndimu zinashusha kweli, ila vijidudu vinazila na baada ya muda mfupi pH imerudi juu.

Angalia pia aina ya naitrojeni. Mmea ukinywa naitreti, pH ya kwenye mizizi hupanda. Ukinywa amonia, hushuka. Kama naitrojeni ya mbolea yako yote ni naitreti, SA (mbolea ya salfeti ya amonia) kidogo sana itakusaidia. CAN (mbolea ya kalsiamu amonia naitreti) usiitumie hapa, ina chokaa ndani yake. Na Juni na Julai punguza hiyo amonia, mizizi ikiwa kwenye baridi haiipendi. Majani yakiwa ya zambarau miezi hiyo, mara nyingi ni baridi inayozuia fosforasi, usikimbilie kugusa pH.

Hukusema kama uliiosha kokopiti kabla ya kupanda. Makumbi yana potasiamu nyingi ya kwake, na yaliyolowekwa kwenye maji ya bahari huko pwani yanakuja na sodiamu juu yake. Chumvi hizo zimeshikilia nyuzi. Ukimwaga kalsiamu, nyuzi zinaibakiza na kuachia potasiamu na sodiamu, mmea unabaki na njaa, na nyanya zinaanza kuoza kitako. Kwa mifuko ijayo, osha kwanza kwa maji safi, kisha loweka usiku kucha kwenye kalsiamu naitreti, gramu 30 hadi 40 kwa ndoo ya lita 20, halafu suuza tena.

Kwa hoho zilizopo sasa, mwagilia kwa maji yenye mbolea nyepesi ya pH 5.8, kwa wingi, mpaka yanayotoka chini yashuke kufikia 6.3 hivi. Usitumie maji matupu. Majani yaliyokwisha kuwa njano sana huenda yasirudi. Wewe tazama yale yanayochipua juu. Kisha tuletee hapa pH na EC (kipimo cha chumvi zilizoyeyuka) ya maji yako ya kisima kabla ya mbolea, pamoja na aina za mbolea unazochanganya, tukupigie hesabu ya tindikali.