Labridi wako ni yupi? Anza na mahali anapolala

Karibu kila wiki mtu hunionyesha picha ya labridi, yaani samaki wa ukoo wa Labridae, kwenye simu na kuniuliza, "Huyu ni labridi gani?" Swali ninalomrudishia huwashangaza wengi: analala wapi?

Naanzia hapo kwa sababu rangi ilishanipoteza. Mwaka wangu wa pili wa kufuga samaki wa maji chumvi nilinunua samaki mdogo, hakufika hata urefu wa kidole. Alikuwa mwekundu wa kukaribia chungwa, na mgongoni ana mabaka meupe yaliyozungushiwa weusi. Alipendeza mno, nikasahau hata kuuliza jina. Miezi ikapita, mkia ukaanza kugeuka manjano, vitone vya buluu vikajitokeza upande wa nyuma, wekundu ukafifia. Kumbe alikuwa Coris gaimard, samaki anayeweza kufikia sentimita 40. Akawa anapindua vipande vya matumbawe nilivyovipandikiza kwa uangalifu, anatafuta konokono na kaa chini yake, na duvi wangu wote wakaisha. Yeye alikuwa anaishi kama alivyoumbwa. Ilibidi nimtafutie mtu mwenye tangi kubwa, na siku alipoondoka niliumia kweli.

Ukoo wa Labridae, ambao pono ni jamaa zake wa karibu sana, una spishi zaidi ya 500. Nyingi kati yake huanza maisha zikiwa majike, kisha jike mkubwa hugeuka dume. Kwa hiyo mtoto, jike na dume wa spishi moja wanaweza kuwa na sura ambazo mtu angeapa ni samaki watatu mbalimbali. Mtazame Gomphosus varius: jike ana weupe na hudhurungi, dume ni kijani cha kuingia buluu, ila wote wawili wana pua ndefu kama mdomo wa ndege. Rangi imebadilika, umbo limebaki.

Sasa turudi kwenye kulala. Taa zikizimwa, labridi wa jenasi (makundi ya spishi za karibu) za Halichoeres, Coris, Anampses na Macropharyngodon hujizika mchangani. Cirrhilabrus, Paracheilinus na Pseudocheilinus hujibanza kwenye nyufa za mawe, na wengi wao hujifunika utando mwembamba wa ute. Kwa jioni moja ya kukaa kimya mbele ya tangi umeshaondoa nusu ya majina uliyokuwa unayafikiria. Tena umejua anachohitaji: wa mchangani wawekewe mchanga laini, wenye kina cha sentimita 5 au zaidi, maana changarawe kali huwachubua.

Halichoeres wangu wa kwanza alijizika dakika chache baada ya kuingia tangini, akapotea siku tatu. Nikaamini amekufa, nikaanza kufukua. Tafadhali usifanye hivyo, unamtia hofu samaki ambaye tayari amechoka kwa safari. Labridi aliyetoka mbali huweza kuendelea kufuata saa za kwao kwa siku kadhaa, akalala mchana na kuamka usiku. Mwache, na tangi lifunike kwa wavu, kwa sababu hawa ni warukaji wakubwa.

Akishazoea, mkaribie. Tafuta mstari wa ubavuni, ule msururu wa vitundu kwenye magamba. Kwa Halichoeres hauna pengo, bali hushuka ghafla karibu na mwisho wa pezi la mgongoni. Kwa Cirrhilabrus umekatika: kipande kimoja kinaishia juu, kingine kinaanza chini yake kuelekea mkiani. Kisha mtazame jicho Pseudocheilinus akikugeukia: mboni inaonekana kana kwamba imegawanyika mara mbili. Mimi hapo husahau hata nilichokuwa natafuta.

Pseudocheilinus wenyewe hawasumbui, hesabu mistari tu: tetrataenia minne, hexataenia sita, octotaenia minane. Wale wa manjano ndio huwakanganya watu. Halichoeres chrysus ni manjano mpaka tumboni, ilhali Halichoeres leucoxanthus ana manjano juu na weupe chini. Wote wana vitone vyeusi kwenye pezi la mgongoni, basi usiishie kwenye vitone.

Kuna kosa moja linaloumiza tangi zima. Labroides dimidiatus, labridi msafishaji mwenye mstari mweusi, ana mwigaji wake, Aspidontus taeniatus, ambaye si labridi kabisa na hung'ata mapezi ya wenzake. Tofauti iko mdomoni: wa msafishaji uko kwenye ncha ya kichwa, wa mwigaji uko chini, pua imeuzidi. Lakini hata msafishaji wa kweli mimi simnunui, kwani wengi wao hudhoofika kwa njaa tangini.

Ukishindwa, usijilaumu. Cirrhilabrus finifenmaa wa Maldivi alidhaniwa kwa miaka mingi kuwa Cirrhilabrus rubrisquamis, spishi iliyokuwa imeelezwa kutokana na samaki mtoto mmoja tu aliyepatikana katika visiwa vya Chagos. Mwaka 2022 ndipo wanasayansi walipomtenga na kumpa jina lake.

Basi ukitaka nikusaidie, niletee picha ya ubavu mzima mapezi yakiwa wazi, picha ya kichwa kwa karibu, urefu wake kwa sentimita na tarehe uliyompata. Piga nyingine kila mwezi, kwa sababu huyo unayemwona leo huenda bado anabadilika. Na usisahau kuniambia usiku anakwenda wapi.