Foleni ya Mwanakwerekwe isikutoe roho

Dada, pole sana. Umesema daladala ikikuchomekea pale Mwanakwerekwe moyo unakwenda mbio, na unafika nyumbani kichwa kinakuuma. Anza na pumzi. Vuta kwa pua taratibu, kisha itoe polepole zaidi kuliko ulivyovuta. Huko kutoa kwa muda mrefu ndiko kunakopunguza mapigo ya moyo. Macho usiyafumbe, yabaki barabarani. Halafu itazame mikono: ukishakasirika utaikuta imekaba usukani mpaka vifundo vimetuna, na mabega yamepanda karibu na masikio. Yashushe.

Jengine ni nafasi. Gari ya mbele ikisimama, uweze kuyaona matairi yake ya nyuma yanapogusa lami. Ukiibana sana, kila akikanyaga breki yeye nawe unashtuka. Najua, daladala itaingia hapo hapo. Iache iingie, wallahi. Konda keshagonga bodi, abiria anataka kushuka, hakuna aliyekukusudia wewe.

Mwezi wa Ramadhani ndiyo kazi hasa. Baada ya alasiri kila mtu anawahi futari, matumbo matupu, vespa zinapenya kulia na kushoto. Weka tende na chupa ya maji garini. Magharibi ikikukuta njiani unaegesha pembeni, unafuturu, na huna tena sababu ya kukimbizana na watu. Simu itie mkobani, hao wanaouliza umefika wapi watakungoja.