Binti anataka kuruka viunzi na farasi: mwacheni aanzie bandani

Mama Shani ameuliza kuhusu binti yake wa miaka 9 ambaye tangu akiwa mdogo hana lingine ila farasi. Anatazama video za mashindano ya kuruka viunzi mpaka simu inazima, na sasa anaomba apelekwe kujifunza. Familia inakaa South B, Nairobi, haina shamba wala pesa ya kununua farasi, na mama anataka kujua kama hili ni la kitoto litakalopita, na kama halipiti waanzie wapi. Wengi waliotangulia kujibu wamemwambia huo ni mchezo wa matajiri wa Karen, amtafutie mtoto kuogelea. Mimi sikubaliani nao, kwa hiyo mnivumilie nikiandika kirefu.

Baba yangu alikuwa saisi, yaani mtunza farasi, katika mabanda ya farasi upande wa Langata, na sisi tulikaa nyumba za wafanyakazi pale pale. Sikuwa na farasi wangu na mpaka leo sina. Nilijifunza kupanda kwa kufanya kazi: wikendi na likizo nasafisha mabanda, napata somo. Sasa nina miaka ishirini na kitu, nafundisha watoto, na naenda mashindanoni na farasi wa watu walioniamini nao. Kwa hiyo Mama Shani, ushauri wangu kwako ni huu: mtoto aanzie chini, bandani, na kuruka kuje baadaye sana.

Farasi mkubwa ana uzito wa kama kilo 500, lakini tumbo lake la chakula ni dogo kwa mwili huo, na hawezi kutapika. Kitu kikimkaa vibaya hakina njia ya kurudi. Ndiyo maana analishwa nyasi kavu kidogo kidogo mchana kutwa, na ndiyo maana saisi mzuri huangalia mavi ya asubuhi kabla hajaangalia kitu kingine chochote. Baba alinifundisha kuweka sikio ubavuni, nyuma ya mbavu za mwisho. Farasi mzima tumbo lake halinyamazi, linanguruma kama maji yanayopita kwenye bomba. Likinyamaza, mwite daktari.

Usiku mmoja wa Julai, baridi kali, nilisikia ukimya huo kwa farasi jike aitwaye Tausi. Alikuwa anageuza shingo kutazama ubavu wake, anakwaruza maranda kwa mguu wa mbele, jasho limemlowesha shingo. Msokoto wa tumbo. Baba alimpigia daktari wa mifugo, akanipa kamba akaniambia nimtembeze asije akalala na kuanza kugaagaa. Nilikuwa mtoto, kichwa changu kilimfika begani. Tulizunguka ule uwanja mimi na yeye, daktari akaja, akamdunga sindano, akampitishia mpira puani mpaka tumboni, tukaendelea kuzunguka. Karibu na alfajiri Tausi aliinua mkia akanya, na baba yangu, mtu asiyecheka ovyo, alicheka kwa sauti. Mimi nililia. Tangu siku hiyo sijawahi kujiuliza kama nawapenda farasi kweli.

Tausi alikuwa ametoka Ngong Racecourse, farasi wa mbio aliyestaafu. Farasi wengi tunaoruka nao hapa Nairobi wametoka huko, na hilo linajibu sehemu ya hoja ya utajiri. Farasi akimaliza mbio bado ni kijana, ana miaka mingi mbele yake, na hauzwi kwa bei ya farasi wa kuletwa kutoka Ulaya. Kumlisha na kumtunza ndiko ghali, simfichi mtu. Nyasi za boma rhodes zinapanda bei kila kiangazi, mtu wa kwato anakuja kila baada ya wiki chache, chanjo, daktari. Kwa hiyo usinunue. Hata ukipewa bure usichukue, si sasa. Lipia masomo kwa mwezi, na mtoto akikua kuna utaratibu wa kuchangia farasi mmoja watu wawili au watatu, kila mtu na siku zake. Wapo watoto waliofika mbali kwa njia hiyo.

Na kama anapenda hadithi, msimulie ya Snowman. Mwaka 1956 huko Pennsylvania, Marekani, mwalimu wa kupanda farasi aliyeitwa Harry de Leyer alifika mnadani amechelewa, akakuta farasi waliobaki wamepakiwa kwenye lori la kwenda kuchinjwa. Mmoja akamtazama. Alimnunua kwa dola 80, farasi wa kulimia. Baadaye alimuuza kwa jirani, lakini farasi akawa anaruka ua anarudi nyumbani, na hapo ndipo de Leyer alipogundua ana nini mkononi. Mwaka 1958 Snowman alikuwa bingwa wa kuruka viunzi Madison Square Garden, New York, na 1959 akarudia.

Turudi kwenye kujifunza. Miezi ya mwanzo mtoto anakaa juu ya farasi anayezungushwa kwa kamba ndefu, bila hatamu, wakati mwingine bila kukanyaga vikuku, zile pete za kuwekea miguu. Wazazi wengi hapo huona wanaibiwa pesa. Hawaibiwi. Mtoto anatafuta mahali pa kukaa ambapo hahitaji kushika kitu. Tunawahesabisha midundo kwa sauti: farasi akitembea ni minne, akienda matiti, yale mbio madogo ya kuchapua, ni miwili, akienda kanta, yale mbio ya taratibu, ni mitatu. Mtoto akishaisikia mitatu kiunoni mwake bila kutazama miguu ya farasi, tunalaza chini miti, zile fito za viunzi, na kumwacha apite juu yake. Bado hajaruka chochote. Lakini kuruka ni hatua moja ya kanta iliyopanuka. Kazi yote iko katika hatua zinazotangulia.

Hebu nieleze hapa, maana ndipo utamu wenyewe ulipo na video hazionyeshi. Kabla ya shindano tunaingia uwanjani kwa miguu, bila farasi, kukagua. Hatua moja ya kanta ya farasi mkubwa inakaribia mita 3.6. Mimi nimejizoeza kutembea hatua za sentimita 90, kwa hiyo hatua zangu 4 ni yake 1. Nikitoka kiunzi kimoja nahesabu 2 za kutua, na mbele ya kinachofuata naacha 2 za kujirusha. Nikikuta hatua zangu 20 katikati ya viunzi viwili, yaani mita 18, najua mpangaji wa uwanja ameniwekea hatua 4 za kanta. Swali ni kama farasi wangu ana hizo 4. Tausi alikuwa na miguu ya mbio, anakula ardhi. Mashindano yangu ya kwanza pale uwanja wa Jamhuri, Nairobi, nilijua akiachiwa atafika kiunzi cha tano karibu mno, ainue miguu amechelewa, na mti ukianguka ni pointi 4 za adhabu. Basi nilipotua kiunzi cha nne nilinyoosha mgongo, nikakaa mzito, nikamwambia kwa kiuno: polepole. Sikio lake moja lilirudi nyuma kunisikiliza. Moja, mbili, tatu, nne, hewani. Hakugusa kitu. Hatukupata hata utepe siku hiyo kwa sababu ya kiunzi kingine mwishoni, lakini zile hatua 4 ninazo mwilini mpaka leo.

Kwa nini nimesema kwa kiuno na si kwa mkono? Macho ya farasi yako pembeni mwa kichwa, anaona karibu pande zote, isipokuwa nyuma yake kabisa na mbele ya paji la uso. Akishafika chini ya kiunzi haoni vizuri anachoruka. Alikipima kutoka mbali na sasa anategemea alichokwisha kuona. Ukimvuta mdomo dakika hiyo ya mwisho unamnyang'anya shingo, na shingo ndiyo anayojisawazishia. Zamani wapanda farasi walifanya hivyo hivyo, wakiegemea nyuma hewani huku wamekaza hatamu. Aliyewabadilisha ni ofisa wa jeshi la Italia, Federico Caprilli, aliyefariki 1907. Aliwatazama farasi wakiruka bila mtu mgongoni, akaona wanavyotumia shingo, akaamua mpandaji ndiye amfuate farasi: ainame mbele, mkono usonge pamoja na mdomo. Kila mtoto unayemwona leo ameinama juu ya kiunzi anafanya alichofundisha Caprilli.

Nimewahi kufanya kazi mahali, jina naliacha, ambapo watoto walipandishiwa miti haraka ili wazazi wapige picha. Mtoto hajui kukaa, akifika hewani anajishikilia kwa hatamu, farasi mdogo anaumia mdomo kila ruko. Baada ya wiki kadhaa farasi anaanza kugoma. Kisha anaitwa mkaidi, anachapwa. Nilikuwa namfahamu yule farasi, alikuwa mpole kiasi cha kumwachia mtoto wa chekechea amshike mkia. Niliondoka pale, na hasira yangu haijaisha. Mama Shani, ukiona mwalimu anajivunia kwamba wanafunzi wake wanaruka mwezi wa kwanza, chukua mtoto uende zako.

Haraka ya nini? Nick Skelton wa Uingereza alivunjika shingo mwaka 2000, akastaafu, akarudi, na akachukua dhahabu ya Olimpiki Rio 2016 akiwa na miaka 58, juu ya farasi Big Star. Binti yako ana miaka 9. Na mwambie pia kwamba akiwa mkubwa atashindana na wanaume uwanja ule ule, viunzi vile vile, urefu ule ule. Haikuwa hivyo siku zote: Olimpiki za mwanzo zilikuwa za maofisa wa jeshi, raia wakaruhusiwa 1952, na wanawake wakaingia kwenye kuruka viunzi 1956, mwaka ambao Pat Smythe alipata shaba na timu ya Uingereza.

Jambo moja lazima mlijue mapema ili lisije kumvunja moyo: farasi wetu hawasafiri kirahisi. Huku kwetu kuna ugonjwa wa farasi wa Afrika, virusi vinavyoenezwa na visubi, wadudu wadogo wanaouma, na punda milia anavibeba bila kuugua. Pale Langata punda milia wako ng'ambo ya ua wa mbuga. Tunachanja kila mwaka, tunawaingiza farasi ndani kabla ya magharibi kwa sababu visubi huuma kuanzia jioni mpaka alfajiri, lakini nchi za Ulaya bado zinaogopa kupokea farasi wa kutoka maeneo haya. Mwenye kipaji akitaka kushindana nje, mara nyingi anakwenda peke yake na kupanda farasi wa kuazima. Lakini kupanda farasi usiyemjua ni ufundi unaojifunzika, na sisi tusio na farasi tumeujua tangu utotoni. Michezo ya Olimpiki ya Vijana ya kwanza, Singapore 2010, wapanda farasi wote waliazimwa farasi pale pale.

Sasa lile swali lako la kwanza, kama litapita. Usimuulize mtoto, mpeleke. Nenda Jumamosi asubuhi na mapema wakati wa kusafisha mabanda, si wakati wa masomo, na uombe asaidie bila kupanda. Umepiga simu kabla, watakukubalia. Watazame masaisi: kama farasi wanawasogelea au wanarudi kona, kama kwato zinachokolewa kabla na baada ya kazi, kama helmeti za watoto zina mikanda mizima na hakuna mtoto aliye juu ya farasi bila helmeti. Mvalishe suruali ndefu na viatu vyenye kisigino kidogo, si raba, mguu usije ukapenya ndani ya kikuku akaburutwa siku atakayopanda. Mpe karoti za kwenda nazo, umezipasua kwa urefu. Zikikatwa duara zinaweza kumkaba farasi kooni. Amlishe kiganja kikiwa wazi, kidole gumba kimebanwa pembeni. Mkirudi nyumbani ananuka mavi ya farasi na anauliza Jumamosi ijayo ni saa ngapi, niandikie hapa, nitakuelekeza mahali pa kumsajili.